Mrejesho: tela la kuitembeza familia juu ya marobota ya nyasi

Habari zenu wakuu. Niliomba ushauri wa kutengeneza tela la kuvutwa na trekta, familia ikae juu ya marobota ya nyasi kavu tukizunguka shambani. Limekamilika na limeshabeba watu. Ahsanteni sana.

Nilimsikiliza aliyesema niweke ekseli mbili (vyuma vya kushikilia magurudumu), ya mbele igeuke pamoja na mkono wa kuvutia. Alieleza kwamba tela la ekseli moja huinuka mbele watu wakijazana nyuma. Hili wanapanda wote kwa nyuma na linatulia kabisa. Kingo nimezichomelea pande zote, zinamfikia mabegani mtu mzima aliyekaa juu ya robota. Aliyesisitiza urefu huo Mungu ambariki, maana watoto husimama hata ukiwakataza. Marobota yamefungwa kwa mikanda, ngazi iko nyuma mbali na magurudumu, na pini ya kuunganishia ina kifungio pamoja na mnyororo wa akiba.

Kilichogoma ni springi. Zile za gari la mizigo ni ngumu mno kwa uzito wa watu, hazinesi. Kupunguza upepo wa matairi kumesaidia kidogo tu; penye mawe bibi bado analalamika mgongo. Sasa nitatoa baadhi ya bapa za springi (vile vyuma vyembamba vilivyopangwa tabaka), kama mmoja wenu alivyopendekeza.

Pia kwenye kona kali tela hukaribia sana tairi la trekta, kwa hiyo tunageuka kwa duara pana, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.