Presha hospitali 152/96, nyumbani 128/82: ni hasira au ugonjwa?

Mshumaa_1
Wakuu, mwanaume wa miaka 46, mkali, foleni ya dakika tano inamshinda. Namba ndizo hizo hapo juu. Kila mtu anamwambia "punguza mawazo". Je, hulka inaweza kweli kuharibu moyo? Na ashike kipimo kipi?

Kandambili
Anza na kipimo, hulka itasubiri. Presha inayopanda mbele ya daktari tu inaitwa presha ya koti jeupe, ipo sana. Ila cha nyumbani nacho kipimwe sawasawa: akojoe kwanza, asivute wala kunywa kahawa nusu saa kabla, akae dakika 5 kaegemea, nyayo chini, asikunje nne, mkono mezani usawa wa moyo, mdomo kimya. Mara mbili asubuhi, mbili jioni, apishanishe dakika 1, siku 7. Siku ya kwanza aitupe, zilizobaki atafute wastani. Mpaka wa nyumbani ni 135/85, sio 140/90 ya hospitali.

Halafu aangalie mkanda wa mashine. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu, mtu anasingiziwa hasira bure.

Mlimbwende wa Data
Kuhusu hulka: 1959 Friedman na Rosenman, madaktari wa moyo San Francisco, walieleza "tabia aina A", yaani pupa, ushindani, hasira. Inasimuliwa kuwa fundi wa viti vyao vya kusubiria alikuta vimelika ukingo wa mbele tu! Wakafuatilia wanaume zaidi ya 3,000 California miaka 8 na nusu, na aina A wakaugua moyo karibu mara mbili ya wenzao. Tafiti nyingi za baadaye hazikukuta hivyo, na kampuni za sigara zilimwaga hela kwenye utafiti wa aina A, maana kulaumu hulka kuliwafaa kuliko kulaumu moshi. Kilichobaki na uzito ni uhasama: kushuku watu na kufuga kinyongo. Pupa peke yake, ushahidi wake ni mwembamba.

Kandambili
Naam. Adrenalini inabana mishipa, ikipita presha inarudi. Shida ni anayeichemsha kichwani mpaka usiku, halafu usingizi haba, sigara, pombe, vidonge kurukwa. Apumue polepole, avute sekunde 4, atoe 6, dakika 10 kwa siku. Inasaidia kidogo, ila haichukui nafasi ya dawa. Wastani ukiwa chini ya 135/85, kwa kawaida hawamwanzishii dawa papo hapo, ila apime sukari na figo na arudi kila mwaka, kwa sababu presha ya koti jeupe huweza kugeuka ya kudumu.

Mshumaa_1
Na vidonda vya tumbo? Navyo wanasema ni mawazo.

Mlimbwende wa Data
Vingi ni bakteria, Helicobacter pylori, au dawa za maumivu kama diclofenac. Marshall na Warren, watafiti wa Australia, walipata Nobeli 2005 kwa kugundua bakteria huyo. Apime choo, lakini aache omeprazole (dawa ya kupunguza asidi) wiki 2 kabla na antibiotiki wiki 4, la sivyo kitasoma hana wakati anao.