Oksijeni inakausha pua za wagonjwa

Swali: Ndugu wauguzi wenzangu, oksijeni ya mtiririko mkubwa bado hukausha pua za wagonjwa wetu hadi zikatoka damu, ingawa inapita kwenye chupa ya maji baridi. Je, kifaa cha kupasha joto ni cha lazima?

Jibu: Naam, kwa sababu maji baridi hutoa mvuke kidogo, ilhali kifaa cha joto hufikisha hewa nyuzi 37 za Selsiasi ikiwa na takriban miligramu 44 za mvuke kwa lita, kama ilivyo ndani ya mapafu.

Jibu: Nakubaliana na mwenzangu, ila matone yanayojikusanya kwenye mrija wa hewa yamwageni, yasirudi chupani wala kwa mgonjwa.

Jibu: Na kujaza chupa kwa maji ya bombani, jamani, hapana, tumieni yaliyotakaswa vijidudu.