Magari ya safari Serengeti: tukaze springi au tupunguze mwendo?

Naleta hili mbele yenu baada ya kubishana na bosi wiki nzima. Anataka Land Cruiser zetu zote ziongezwe jani moja la springi nyuma, zipandishwe inchi mbili na zifungwe shokapu mpya za gesi. Anasema vile vijituta vya mfululizo barabarani, kutoka njia panda ya Olduvai hadi Naabi, geti la Serengeti, vinamla bushi (mipira ya kwenye maungio ya springi) kila msimu. Mimi ni dereva, mwaka wa kumi na moja sasa, na naona hela hiyo inakwenda kuchemsha mafuta ya shokapu tu. Hifadhini mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Nani anafuata?

Fundi, Unga Limited (Arusha): Kaka, bosi wako hajakosea kote. Gari mnaloniletea limekatwa likarefushwa, lina viti saba, friji, tairi mbili za akiba na mahema juu. Springi ya kiwandani haikupimiwa mzigo huo. Lakini ukiongeza jani, siku gari liko tupu linaruka kama mbuzi, tairi hazishiki chini. Kupandisha nako kuna yake: pembe ya ekseli ya mbele inabadilika, usukani unatangatanga. Halafu kuna ile vali ya breki za nyuma inayopima mzigo. Ukiinua bodi bila kuirekebisha, inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma, wakati umepakia watu saba. Hilo wengi hawaliulizi, wanauliza bei ya springi.

Mwenye magari matatu: Punguza mwendo, punguza mwendo! Rahisi kusema. Kibali cha hifadhi kinahesabiwa saa 24. Ukifika geti umechelewa, unalipa tena, na mgeni hakuelewi. Mimi nakaza springi kwa sababu najua dereva atakimbia.

Dereva, Karatu: Mkuu, umejijibu mwenyewe. Ukimpa springi ngumu haoni tena vijituta, anakwenda 80, na vijituta vinazidi maana ni mwendo unaovichonga. Anayekuja nyuma na Noah yake ndiye anayelipia starehe yako.

Mwenye magari matatu: Basi waweke lami yaishe.

Dereva, Karatu: Na wanyama je? Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia mpango wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Najua ile si njia yetu ya Naabi, lakini hoja ni ileile: barabara laini inaleta mwendo.

Fundi, Unga Limited: Kabla ya lami, shusheni upepo kidogo mkiingia kwenye rafu. Ila msikimbie nao, tairi laini likikimbizwa linachemka mpaka lipasuke. Na shokapu mziguse kwa mkono mkifika Naabi. Zikiunguza, mmekimbia.

Mwanzisha mada: Hapo kwenye saa 24 mkuu amenigusa, sibishi. Lakini ratiba anapanga nani? Seronera, katikati ya hifadhi, hadi Naabi kwa mwendo halali ni karibu saa nzima. Mnatuandikia kuzunguka kutafuta chui hadi saa tano asubuhi, kisha tuwe getini saa tano na nusu. Mkuu, hizo dakika thelathini nizitoe kwenye springi ipi?