Wajukuu wa Bi Mwanahawa: Safari ya Kilwa

*Jumapili*

[20:04] Zuhura: Asalaam aleikum wanafamilia. Narudia mara ya tatu. Nane Nane tunakwenda Kilwa, kosta moja, tunaondoka Mbagala Alhamisi saa 11 alfajiri. Ijumaa Kisiwani, Jumamosi Songo Mnara, Jumapili tunalala Lindi, Jumatatu Mikindani, Jumanne tunarudi. Mchango laki na themanini, watoto nusu. Dereva anataka kianzio Jumatano.

[20:51] Rama: Waaleikum salaam. Na chakula kimo humo?

[20:52] Zuhura: Cha njiani kila mtu na kikapu chake.

[20:53] Rama: Basi siti ya jirani na Mama Nasri ni yangu, sambusa zile nazijua

[20:53] Mama Nasri: 😂😂 mwaka huu natia kufuli

[20:55] Zuhura: Kianzio jamani.

*Jumatatu*

[06:15] Zuhura: Mimi Kisiwani nilifika nikiwa kidato cha tatu. Pale Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, kuna birika la pembe nane, unasimama ukingoni bahari iko chini yako. Mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya karne ya 14. Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji ule. Nasri yuko darasa la sita, anayasoma haya ajibu mtihani tu. Nataka auguse ule ukuta kwa mkono wake.

[06:58] Mama Nasri: Nasri anauliza, eti kweli sarafu za Kilwa ziliokotwa Australia?

[07:01] Zuhura: Kweli. Tano, za shaba, mwaka 1944, visiwa vya Wessel.

[07:03] Rama: Aliyezidondosha ni wa ukoo wetu, kupoteza hela tumerithi

[07:04] Mama Nasri: Kama wewe na ile ya Bagamoyo 😂

[07:04] Rama: Ile ya Bagamoyo nilishaeleza

[07:06] Zuhura: Nimeuliza kianzio mnanijibu Bagamoyo.

[12:32] Mjomba Athumani: Ndiyo nasoma sasa. Saa 11 mapema mno, watoto watasumbuka. Tuondoke saa 3. Daraja la Mkapa lipo tangu 2003, siku hizi Rufiji unavuka huku unaongea.

[12:40] Zuhura: Shikamoo mjomba. Kwa habari ya saa za kuondoka naomba usitupangie wewe. Siku ile ya pantoni ya Rufiji pale Ndundu hatujaisahau.

[12:58] Mjomba Athumani: Ndundu ilikuwa mvua.

[13:01] Zuhura: Pantoni ilivuka asubuhi, sisi tuko barazani kwako tunakungoja. Ya jioni haikuvuka. Mama mpaka anaingia kaburini alikuwa anaisema siku ile.

[13:20] Rama: Jamani, na pweza wa Masoko je, bado anauzwa pale ufukweni?

[21:10] Salma: Shikamooni. Bibi amenisikia nikisoma huku. Amesema niandike, haya ni maneno yake:

"Zuhura, mwache mjomba wako. Mwaka ule wa El Nino nilikaa Ndundu siku mbili naitazama pantoni iko ng'ambo. Baba yangu alizikwa na watu wa Kivinje, nilipofika udongo umeshakauka. Alhamdulillah. Sasa nyinyi mnakwenda kutazama nyumba za masultani, nendeni, ni jambo zuri. Ila mkitoka Nangurukuru, Kivinje mnaipita hivihivi? Babu yenu kaburi limeota magugu. Kwanza Kivinje, mfyeke, mumsomee Yasini, halafu ndiyo mwende Masoko. Na Songo Mnara mwezi wa nane kusi bado linavuma, tokeni alfajiri bahari imelala. Mchana msithubutu, mna watoto. Na mimi nakuja."

[22:47] Mjomba Athumani: Nimekusikia mama. Fyekeo nitakuja nalo. Saa 11 mtanikuta Mbagala.

*Jumanne*

[05:50] Zuhura: Shikamoo Bibi. Mjomba, nisamehe. Alhamisi ni Kivinje basi. Watoto tutawaonyesha na Mwembe Kinyonga, Wajerumani walikomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Ila tukilala Kivinje siku inaongezeka, au Mikindani tuiache. Semeni.

[07:15] Mama Nasri: Bibi na magoti yale mashua atapandaje?

[07:22] Salma: Nimemuuliza. Anasema atabaki Kivinje kwa kina Bi Fatuma, mtampitia mkirudi.

[09:40] Rama: Mikindani msiiache, Livingstone aliondokea pale 1866, nataka niione ile bandari. Ila Jumatano niko zamu.

[09:41] Zuhura: Rama, huwezi kutaka Mikindani na zamu pia.

[13:05] Mjomba Athumani: Nimetuma laki moja kwa namba yako. Iliyobaki mwisho wa mwezi.

[13:09] Zuhura: Imefika mjomba, ahsante. Kundi lina watu 19, waliotuma ni wawili. Dereva anataka jibu kesho saa 4. Tunarudi Jumanne au Jumatano?

[16:30] Mama Nasri: Ngoja baba Nasri arudi nimuulize

[19:44] Salma: Bibi ameshafungua sanduku, doti mbili za kanga ziko kitandani. Anauliza Yasini atasoma nani.

[19:52] Zuhura: Mwambie mjomba.

[21:30] Zuhura: Jumanne au Jumatano jamani?