Msikiti wa kale Lamu: chokaa au saruji?

Nahodha Mstaafu: Asalaam aleikum. Msikiti wa mtaani kwetu michango imetimia, sasa kamati yataka kubandua chokaa ipige saruji na vigae mpaka kiblani. Mwasemaje? Huu ni mji wa urithi wa dunia tangu 2001, si ua wa mtu.

Fundi Boriti: Msithubutu. Ukuta wa matumbawe wanyonya maji na chumvi. Chokaa huyaachia yatoke, saruji huyafungia ndani, na baada ya masika mawili matatu wafura kama jipu. Nimebandua mara ngapi, ndani unga mtupu.

Kijana wa Langoni: Chokaa ndiyo ugali wako fundi 😂 Sisi twataka nafasi. Boriti za mikoko hazivuki chumba kipana, ndiyo nguzo kila hatua, imamu humuoni. Na mnara pia! Msikiti bila mnara kama ghala.

Mkomani Asili: Misikiti yetu ya kale haikuwa na minara, muadhini alipanda darini. Minara ni mambo ya watu wa kuja. Na nyinyi wa mtaa wa Langoni nyote ni watu wa kuja.

Bi Shela: Ala! Mnara wetu mweupe wa kuchongoka, wa msikiti wa kijiji cha Shela, upo tangu 1829. Nao ni wa kuja?

Kijana wa Langoni: Shekhe Habib Swaleh alikuja kutoka Ngazija, akajenga msikiti wa Riyadha huku huku Langoni. Maulidi yakifika hamuulizi nani wa kuja, mwala pilau tu. Alipowasomesha watoto wa watumwa, wazee wenu wa mtaa wa Mkomani walinuna. Matari msikitini wakayaita bidaa.

Mkomani Asili: Usinitilie maneno kinywani. Babu yangu alisoma kwake. Lakini Msikiti wa Pwani, pale nyuma ya ngome, ni wa 1370. Riyadha ilikuwa wapi?

Kijana wa Langoni: Na wewe ulikuwa wapi?

Nahodha Mstaafu: Wanangu, nimeuliza chokaa.

Bi Shela: Ngoja kidogo ami. Mkomani, pilau ulikula hukula?

Mkomani Asili: Nilikula. Ilizidi chumvi.

Fundi Boriti: Kama kuta zenu.

Kijana wa Langoni: Chumvi gani! Mwaka jana sufuria ilikuwa ya mamangu. Rudia tena uone.

Nahodha Mstaafu: Kamati yakutana Ijumaa baada ya swala. Fundi, njoo na kipande cha huo unga.