Fundi alipaka silikoni juu ya tailizi, chini skrubu hakufunga, sebule yangu inanyeshewa mwezi wa saba

Wakuu habari zenu. Leo natoa povu, na asitokee mtu wa kuniambia nipunguze jazba, jazba nimeilipia.

Nipo Moshono hapa Arusha. Kaghorofa kangu nimekajenga miaka sita kwa kuungaunga, bafu la masta liko juu ya sebule kabisa, yaani ukikaa kwenye kochi la watu watatu juu ya kichwa chako ndo tunapoogea. Mwezi wa nne nikaona doa kwenye jipsamu ya dari, dogo kama kisahani cha chai, kahawia kama meno yetu sie tuliokulia maji ya huku yenye floridi. Nikampigia fundi aliyenifungia bafu. "Bosi hiyo masika hiyo, mvua inapenya ukutani, ikikata patakauka." Nikamwamini kwa sababu kweli ilikuwa inapiga kila siku. Mwezi wa tano nikavumilia, wa sita nikavumilia, wa saba huu wa baridi kavu ambapo hata vumbi limepauka, doa limekuwa sinia na limeanza kutoa tumbo chini kama mjamzito. Mvua gani hiyo ya mwezi wa saba inanyesha sebuleni kwangu peke yangu??

Nikampigia tena, akaja na bodaboda ametulia kabisa. Akatoa tyubu ya silikoni, akazungushia kile kichujio cha shimo la maji, akapita na kona zote kwa kidole, akachukua elfu 40 yake, akasema hapa bosi hata tone halipiti. Siku ya tano mama watoto anapakua ugali, tone likadondokea kwenye bakuli la mlenda. Mtoto akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa ngoja niwaeleze, maana na mimi nilikuwa mbumbumbu nikadhani tailizi na grauti (ule ujiuji wa kuziba katikati ya tailizi) ndo vinazuia maji. Havizuii. Maji yanapenya kwenye grauti taratibu kila mkioga, yanazama kwenye udongo wa saruji na mchanga wa chini ya tailizi, na huko chini ndo kuna kitu cha kuyapokea. Kwangu kitu hicho ni lile shiti la plastiki ya PVC la kijivu, nene kama milimita moja hivi, shemeji yangu aliyeko Marekani alikuja nalo likizo pamoja na dreni yake, yaani kile kitako cha shimo la kutolea maji, wenzetu kule wanajenga bafu hivyo. Ile dreni siyo kama hizi za plastiki tunazonunua hadiwea. Ina kitako kinachokaa chini ya shiti, ina pete ya kubana inayokaa juu ya shiti, na skrubu nne za kuzibana hizo mbili zikalishika shiti katikati kama mkate na siagi. Silikoni inapakwa pale, kati ya kitako na tumbo la shiti, halafu unakaza skrubu kwa zamu, hii kidogo, ya upande wa pili kidogo, mpaka pete ikae sawa. Na hiyo pete ina vitundu vidogo pembeni vya kuchuruzia, ili maji yaliyozama kwenye udongo yakifika juu ya shiti yaingie kwenye bomba kupitia huko chini chini. Kwa hiyo hata upake silikoni ndoo nzima juu ya tailizi, kama pale kwenye pete hapajabana umepamba jeneza tu.

Haya yote shemeji alimwelekeza fundi kwa simu, vidio kamili, mimi nimesimama pale. Jamaa anaitikia "nimekusoma bro, nimefunga nyingi hizi". Nyingi wapi? Angesema tu sijawahi, ningempa siku mbili ajifunze na ningemlipa vilevile. Hiki ndo kinaniuma kuliko hata jipsamu.

Basi nikatafuta mzee mmoja wa Moshi, Kiboriloni, fundi bomba wa zamani, akapanda Coaster asubuhi na mfuko wake wa patasi. Kaingia bafuni hakusema neno, kapiga magoti, kanusa. Kweli wakuu, mzee kanusa sakafu. Akaniambia, "Mwanangu, huu udongo una maji ya miezi, hayana pa kwenda." Tukabomoa tailizi za kuzunguka shimo. Udongo chini mweusi, unakamulika mkononi kama machicha ya nazi, na harufu yake ni ya ndoo ya deki iliyosahaulika.

La kwanza, shiti limelazwa juu ya jamvi la zege bapa kabisa. Mteremko kaweka kwenye udongo wa juu tu, chini hakuna. Mzee anasema mteremko unaanza chini ya shiti, kama sentimita 2 kwa kila mita, maana maji yanatembea juu ya shiti, hayasomi tailizi zako. La pili, vile vitundu vya kuchuruzia vyote kavisindilia saruji. Ilitakiwa azungushie kokoto ndogo au vipande vya tailizi ili udongo usivizibe, yeye kapiga kichapio safi utafikiri anafungwa jela akiacha tundu. La tatu ndo likanifanya nikae chini. Shimo la kwenye shiti kalikata kubwa kuliko pete. Wakuu, kubwa kuliko pete! Mzee kanionyesha kwa kidole, unatoboa vitundu vya skrubu peke yake, ukishamaliza ndo unakata katikati, ndani ya mstari wa skrubu, ili pete ipate nyama ya kubana. Huyu wangu kakata duara la sufuria, akaona pengo, akaliunganisha kwa insuleshen tepu ya umeme halafu akamwagia lami ya paa juu yake. Na hiyo lami yenyewe haipatani na PVC, inalila. Shiti pale lilikuwa limejikunja na kulainika kama big jii iliyotafunwa.

Na skrubu? Hamna. Pete imekalishwa tu, imeshikwa na saruji.

Mzee akauliza skrubu za hii kitu ziko wapi, nikasema sijui, mama watoto akawa amesimama mlangoni akasema subirini. Akashuka jikoni, akarudi na kopo la kahawa tunaloweka misumari na betri mbovu. Zilikuwemo nne, zinang'aa, kumbe siku ya kukabidhiwa bafu alizifagia nyuma ya mlango akaziona nzuri akazitunza. Miezi kumi na moja zimekaa jikoni kwangu.

Nikampigia fundi palepale nikaweka spika. Unajua kajibu nini? "Bosi, hizo zilikuwa za ziada."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

Bahati kipande cha shiti kilichobaki kilikuwepo stoo (yule jamaa alitaka kuondoka nacho eti akafunikie mbao zake), kikatosha. Tumebomoa sakafu yote ya bafu, mteremko umepigwa upya umekauka, shiti jipya limepanda ukutani, kona zimekunjwa hazikukatwa, silikoni chini, pete juu, skrubu nne za kopo la kahawa zimekazwa. Jana jioni mzee akachukua blada kuukuu ya mpira, akaisokomeza kwenye bomba chini ya usawa wa vile vitundu, akaijaza kwa pampu ya baiskeli, tukamwaga maji, tukapiga mstari wa penseli yalipofika. Saa 24 hakuna kugusa ndo tailizi zirudi. Mpaka naandika hapa zimepita kama saa 15, mstari na maji viko palepale, nimeshapanda kuangalia mara nane.

Kwa wanaosema nimsamehe kwani ni kijana anatafuta: laki tatu na nusu ya ufundi alichukua, elfu 40 ya silikoni ya uongo, tailizi nimenunua tena, jipsamu ya sebule naibomoa wiki ijayo, na kochi lina doa. Anatafuta nini tena ambacho hajakipata kwangu? Jana nasikia yuko saiti nyingine Njiro anafunga mabafu mawili ya juu. Wenye nyumba za Njiro nawaambia hivi, kabla hajamwaga udongo mwambieni awahesabie skrubu mkononi.

Na mwenye uzoefu anisaidie, hii nianzie serikali ya mtaa au nimfuate hukohuko saiti mbele ya bosi wake mpya? Maana simu yangu tangu jana hapokei.