Kaseti ya njano ya Donkey Kong Land 2: watoto wawili, Game Boy moja, na haisevu

Shangazi wa Segerea

Habari za jioni wakuu. Nawaomba wale mliocheza gemu za zamani, za kabla ya simu za kupangusa, mnisaidie.

Kaka yangu yuko safarini, kaniachia watoto wake wawili hapa Tabata Segerea mpaka shule zifunguliwe. Wa kiume ana miaka kumi na mmoja, mdogo wake wa kike ana tisa. Simu yangu siwapi, hiyo ndiyo duka langu, nauza vitenge na wateja wote wamo humo. Nikapita Karume, kwa wanaouza vyombo vya mtumba, nikawachukulia Game Boy Color ya zambarau, ile mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi, ikiwa na kaseti moja ya njano. Kaseti yenyewe ni Donkey Kong Land 2. Muuzaji akaiwasha palepale, ikaimba, nikalipa.

Sasa nyumba haikaliki.

Kwanza, haisevu. Wanahifadhi vizuri tu, wakizima na kuwasha wanaanza moja kana kwamba hawajawahi kucheza. Kwa hiyo wameamua hawazimi. Juzi saa sita usiku naingia kuwafunika shuka, naona mwanga mwekundu chini ya mto: mashine inawaka, imesimamishwa, na kijana kalala na mkono juu yake kama mlinzi wa benki. Betri nanunua mimi, zile ndogo za saa ya ukutani, mbili mbili, na haziishi siku.

Pili, kwenye lebo kuna kima wawili, yule wa kofia, Diddy, na yule wa kike mwenye nywele ndefu, Dixie. Ukicheza unaona mmoja tu. Mdogo analia kwamba kaka yake kamficha Dixie. Kaka mtu anaapa hajamficha. Nimeangalia mwenyewe, kweli ni mmoja. Hii ni feki, au mashine ina ubovu?

Tatu, wamekwama kwenye miiba, pale unaporushwa na mapipa. Wananiletea mimi niwavushie! Mimi ambaye hata rimoti ya king'amuzi inanishinda.

Mwenyeji Rangi Tatu

Dada, usijitese. Nunua simu ya bei nafuu, weka emuleta, ile programu ya kuchezea gemu za zamani, unasevu popote unapotaka. Dunia imekwenda mbele.

Shangazi wa Segerea

Kaka, nikiwapa simu hawatacheza hiyo emuleta, wataangalia video mpaka macho yatoke. Nimechagua hiki kidude kwa sababu hakina intaneti.

Fundi wa Aggrey

Nianze na hiyo ya kutosevu, ndiyo kazi yangu.

Kutosevu peke yake si dalili ya feki. Ndani ya kaseti hizo kuna kichipu kidogo cha kumbukumbu kinachoshika mlipofikia, na hicho kinahitaji umeme muda wote, hata kaseti ikiwa kabatini. Umeme huo unatoka kwenye betri bapa ya volti 3 iliyofungwa humo humo. Gemu ni ya mwaka 1996, dada. Kama ni betri ile ile ya kiwandani, imeshakufa. Ndiyo maana mnacheza vizuri mkiwa mmewasha, maana hapo kichipu kinalishwa na mashine, na mkizima tu kinasahau. Betri mnazonunua za kuweka nyuma ya mashine hazihusiani na hili hata kidogo.

Ugeuze kaseti uangalie skrubu ya mgongoni. Original ina skrubu ya ajabu, kichwa chake kina mabonde madogo pembeni, bisibisi ya nyota ya kawaida haiingii. Ukikuta skrubu ya nyota, ama ilishafunguliwa au ni ya kutengenezwa uchochoroni, na hizo nyingine hazina betri kabisa. Bisibisi yake halisi ni ya milimita 3.8. Vijana wasio nayo huwa wanayeyusha kitako cha kalamu ya plastiki kwa kiberiti, wanaikandamiza kwenye skrubu ikiwa laini, wanasubiri ipoe, wanazungusha. Inakubali, ila mara nyingi ni safari moja tu, kalamu inakatika.

Ukishafungua, soma namba iliyoandikwa juu ya betri. Kwenye kaseti za Game Boy huwa nakutana na CR1616 na CR2025. Nunua ile ile, na uhakikishe ina masikio, yaani vile vibati viwili vilivyokwisha kuunganishwa kiwandani. Usikubali mtu alehemu moja kwa moja kwenye mwili wa betri, ikipata joto kali inaweza kupasuka. Na usikubali ya kubandika kwa selotepu. Itashika wiki moja, mtoto akiidondosha imeachia.

Vidole vya shaba vya kaseti visuguliwe kwa pamba na spiriti. Watu wana tabia ya kupuliza kwa mdomo. Mate ni maji, na maji na shaba mnajua yanavyoelewana.

Mstaafu wa Upanga

Zamani sisi tulicheza rede na kombolela, tukakua vizuri. Wapelekeni tuisheni.

Shangazi wa Segerea

Asubuhi wanakwenda tuisheni, mzee wangu, shikamoo. Mchana jua la Segerea nani atacheza kombolela?

Fundi, ahsante sana. Nimeangalia skrubu, ni hiyo ya mabonde. Bado Dixie.

Baba Mkubwa Kinondoni

Dixie hajafichwa na mtu. Ngoja nieleze, maana kaseti hii naijua. Baba yangu mdogo alikuwa baharia, ndiye aliyeniletea, na mtaa mzima ulikuwa unapanga foleni barazani kwetu.

Gemu hii ina kaka yake mkubwa wa kwenye TV, Donkey Kong Country 2, ya mwaka 1995, ya mashine ya Super Nintendo. Kule Diddy na Dixie unawaona wote wawili wakikimbia, mmoja mbele mmoja nyuma, na mmoja anaweza kumbeba mwenzake mabegani akamtupa juu. Mwaka uliofuata Rare, wale Waingereza walioitengeneza, wakaileta kwenye Game Boy. Sasa Game Boy ni mashine ya mwaka 1989. Kioo chake kina nukta 160 kwa 144, rangi zake ni vivuli vinne tu vya kijivu. Na hawa kima hawakuchorwa kwa mkono, walitengenezwa kwenye kompyuta kubwa za Silicon Graphics halafu wakashushwa. Ni wakubwa, wana kivuli mpaka kwenye mkia. Ukiwaweka wawili, na mamba wawili watatu, na mapipa, mashine inazidiwa. Wakaamua: kanuni ya wawili ibaki, ila aonekane wa mbele peke yake. Mwenzake yupo, humwoni tu. Kwa hiyo habari ya kubebana mabegani huku hamna.

Utajuaje yupo? Bonyeza Select. Kama yupo wanabadilishana. Kama hakuna kilichotokea, basi Dixie keshachukuliwa, na hapo ndipo umuulize kijana ni mamba gani alimgonga. Ukigusa adui unampoteza wa mbele, wa pili anaendelea palepale. Huyo wa pili naye akigongwa, laifu imeondoka. Kumrudisha aliyepotea unavunja pipa lenye herufi DK.

Na hapa ndipo ugomvi wako unapoishia. Wape kanuni ya gemu yenyewe. Kijana ni Diddy, binti ni Dixie. Anayeonekana kwenye kioo ndiye mwenye mashine mkononi. Diddy akigongwa, Start kwanza ili isimame, halafu mashine inahama. Mtu akitaka kubadilisha kwa Select, naye anahamisha mashine. Sisi barazani tulifanya hivyo na hatukupigana, isipokuwa siku za mvua.

Usidhani binti amepewa mabaki. Diddy ana kasi, akijibiringisha anawafagia mamba waliopangana. Lakini Dixie akiruka, ukashikilia ile batani ya kushambulia akiwa hewani, nywele zinazunguka kama pangaboi na anashuka polepole. Kijana akifika kwenye shimo pana, atamwita dada yake mwenyewe, tena kwa adabu. Mimi nilikuwa na binamu ambaye hakujua kitu kingine duniani zaidi ya kuruka na Dixie, na steji ngumu zote tulikuwa tunamwamsha usingizini.

Miiba. Hiyo ni Bramble Blast, na kosa la watoto ni kubonyeza batani mfululizo. Kuna mapipa yanayokurusha yenyewe, kuna yanayosubiri ubonyeze. Wakibonyeza hovyo wanarushwa kabla hawajaangalia pipa linaelekea wapi. Waambie: ukiingia kwenye pipa, toa kidole. Tazama. Halafu bonyeza mara moja. Na wasiingie pale wakiwa na kima mmoja, warudi kwenye steji nyepesi wakusanye ndizi, zikifika mia ni laifu, na waanze miiba wakiwa wawili.

Wakiwa hapo, wavalishe hata earphone za simu, tundu lipo. Wimbo wa miiba ulitungwa na David Wise kwa ajili ya gemu ya TV. Aliyeupanga upya kwa Game Boy ni Grant Kirkhope, ndiyo kwanza alikuwa ameingia Rare, baadaye akaja kutunga muziki wa gemu ya Banjo-Kazooie. Game Boy ina njia nne tu za sauti, na moja kati ya hizo ni ya makelele tu, ya milipuko na ngoma. Njia hizo chache, na bado ule wimbo unakuingia. Nilikuwa naiacha imesimama ndani ya pipa, sichezi, nasikiliza. Wenzangu kwenye foleni walinitukana sana.

Mdau wa Mbezi

Baba Mkubwa umenikumbusha mbali. Dada, ushauri wangu: tafuta Nintendo DS, ina taa ndani, umeme ukikatika watoto wanaendelea. Hiyo Color haina taa kabisa, watajiumiza macho na tochi.

Fundi wa Aggrey

Kwa kaseti hii hapana, mkuu. DS ina tundu la kaseti za Game Boy Advance tu, hizi za Game Boy ya zamani haisomi. Inayofaa ni Game Boy Advance SP, ile ya kukunja ya mwaka 2003. Ina taa, inachajiwa, na inapokea kaseti za zamani zote. Ila zikipatikana hapa mjini bei yake si ya kuchezea. Kwa sasa wakae karibu na dirisha.

Kitu kingine bure: rangi zikiwachanganya, wazime, halafu wawashe huku wameshikilia mshale wa kushoto pamoja na B. Inakuwa nyeusi na nyeupe, na adui wanaonekana vizuri zaidi kuliko kwenye zile rangi inazobandika yenyewe.

Shangazi wa Segerea

Wakuu, nimewasomea hii mada yote. Kwanza Select imebonyezwa: Dixie hakuwepo. Kesi imehukumiwa, kijana kakiri ni yule mamba mwenye mguu wa mti. Wamevunja pipa la DK wakampata, na tangu saa kumi mashine inazunguka kwa kanuni ya Baba Mkubwa. Wamebishana mara moja tu, kuhusu nyuki: je, nyuki akikugonga ni sawa na mamba? Nimesema ni sawa.

Kushoto na B hatujajaribu, maana inataka kuzima. Miiba bado, lakini wamefika mbali zaidi, na binti ndiye anayeshika kwenye mapipa kwa sababu ana subira.

Fundi, nataka kuleta kaseti Jumamosi. Je, ukibadilisha betri, walipofikia patapotea? Maana hawajazima tangu jana na hawataki kusikia habari ya kuzima.

Fundi wa Aggrey

Patapotea, dada, hapo sikudanganyi. Kile kichipu hakina umeme mwingine, ukichomoa kaseti tu kwenye mashine kimeshasahau, hata kabla sijagusa skrubu. Waache wamalize miiba kwanza wapate raha yao, wataifikia tena haraka.

Njoo na mashine pamoja na kaseti. Usinilipe kabla ya kujaribu: tunacheza steji ya kwanza, tunasevu, tunazima, unakunywa hata soda hapo jirani, tunawasha. Ikikumbuka, tumemalizana. Nipo mpaka saa kumi na moja.

Shangazi wa Segerea

Nitakuja saa nne. Nitakuja nao, maana wamekataa mashine isafiri peke yake.